Udongo Uliopelekwa Buxton

Namhimidi Mola aliyetuumba kwa udongo, akatulisha kwa yaotayo udongoni, na humo humo akatuandalia makao ya kungojea siku yake. Namsalia Mtume wake, na watu wa nyumba yake, na masahaba zake. Kisha namshukuru kwa kuniacha mpaka umri huu nikiwa bado naona mstari, nipate kuandika jambo dogo la nyumbani kwetu ambalo hunirudia kila nimwonapo mtoto ametia mkono mdomoni.

Nilipoolewa niliingia nyumba ya wakwe zangu mtaa wa Kuze, katika Mji wa Kale, miaka michache kabla ya Uhuru. Ilikuwa nyumba ya mawe, mbele ina baraza na nyuma ina ua mpana kuliko nyua nyingi za mtaa ule. Upana huo ulikuwa kwa sababu ya kazi. Bavyaa, baba wa mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kutia kalai. Masufuria na masinia ya shaba yakiisha weupe wake wa ndani, watu waliyaleta kwake, naye huyasugua kwa mchanga, huyapasha moto, huyapaka kalai ikayeyuka na kung'aa. Kulikuwa na siku za kukaribia Ramadhani ambapo ua ule haukuwa na pa kuweka mguu kwa vyombo vya watu.

Baadaye zikaja sufuria nyepesi za dukani ambazo hazitaki kalai, na wateja wakapungua. Bavyaa hakuwa mtu wa kukaa bure. Akaanza kuyeyusha risasi: mabomba ya zamani, betri za magari zilizokufa, vipande vilivyotoka bandarini. Aliimimina kwenye kalibu za udongo akatoa chubwi, yale mazito ya kushusha nyavu, na wavuvi walizinunua. Ile takataka ya kijivu inayoelea juu ya risasi ikiyeyuka, aliikwangua kwa kijiko kirefu na kuimwaga palepale chini. Hakuna aliyemwambia asifanye hivyo. Hakuna aliyejua.

Bavyaa alifariki wakati binti yangu wa kwanza akiwa bado ananyonya. Ua ukabaki kimya, na binti yangu alipoanza kutambaa, ukawa ndio uwanja wake. Alikuwa na tabia ya kula mchanga. Watoto wengi hula mchanga, na wanawake wa mtaa walinituliza kwa kuniambia kwamba hata mume wangu alikuwa hivyo hivyo. Lakini wangu alipopita mwaka wa pili alianza kufifia. Midomo ilikuwa myeupe. Tumbo lilimsokota, choo hakipatikani, usingizi hauji. Alikuwa amekwisha kusema maneno mengi, na baadhi ya maneno hayo akayaacha, kana kwamba ameyasahau njiani.

Tulimsomea, na kusoma nilikuwa nimefundishwa na marehemu babangu. Kila asubuhi nilisomesha wasichana wa mtaa hapo ukumbini. Tulimpa dawa za nyumbani. Mwisho tukampeleka hospitali. Daktari, mwanamke wa Kihindi mwenye sauti ndogo, alimfunua kope, akambonyeza tumbo, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: baba wa mtoto afanya kazi gani? Nikamwambia ni karani bandarini. Na waliomtangulia nyumbani humo? Nikamweleza habari za bavyaa. Akaacha kuandika. Akaniambia kwamba risasi humwingia mtoto kwa mdomo, ikakaa katika damu na mifupa, na ikamharibu akili polepole bila ya kelele. Dawa yake ya kwanza, alisema, ni kumtoa mahali ilipo. Na apewe maziwa, na mboga za majani.

Tulimhamishia kwa mamangu, Makadara. Mume wangu akatoa uani kila kipande cha risasi, na chungu cha kuyeyushia, na kalibu zote. Miezi ilipopita rangi ilimrudia mtoto, na maneno mengine yakarudi. Hapo ndipo mavyaa, mama wa mume wangu, alipoanza kumtaka.

Mavyaa alikuwa mjane mwenye nyumba tupu, na mjukuu huyo ndiye aliyekuwa pekee. Alisema mtoto arudi, na kwa kuwa daktari ametaja mboga, basi mboga za mtoto zitatoka nyumbani kwake, si za kununua sokoni zilizoshikwa na kila mkono. Aliazimia kupanda mchicha na mabamia pale pale uani. Alikwisha kuagiza mbegu. Mtoto alirudi, na mimi nikarudi na hofu yangu.

Nilimuuliza mume wangu: vipande vimetoka, je, kile kilichomwagwa miaka yote kimetoka? Akasema anaye mtu wa kumuuliza. Jamaa mmoja aliyesoma naye alikuwa mwalimu wa kemia katika chuo cha ufundi, akikaa nyumba za baraza la mji kule Buxton. Mwalimu alikubali kuupima udongo. Akatuma maagizo: tuchukue mahali palipokuwa moto, mahali anapochezea mtoto, na mahali panapotakiwa kupandwa; tuchukue wa juu, na wa chini kiasi cha shibiri; kila mmoja ufungwe mbali; tusiuchague wala kuupepeta.

Nilichimba mwenyewe, Alhamisi baada ya alasiri. Ulikuwa mweusi kama masimbi ya kahawa, una vipande vya makaa, maganda ya kombe, na mavi ya kuku. Nikaufunga katika karatasi za sukari, nikaupanga kikapuni, nikakiweka kikapu nyuma ya mlango ili mume wangu akichukue kesho yake baada ya sala ya Ijumaa.

Lazima niseme neno juu ya mavyaa ili yafuatayo yaeleweke. Alikuwa mtu wa chombo. Sahani ya jirani haikurudi tupu kutoka kwake, na kitu hakikutoka mlangoni pake bila ya kufunikwa kitambaa kilichofuliwa. Kabla ya kupeleka samaki kwa mtu alimpara magamba; kabla ya kupeleka mchele aliuchagua. Kumpelekea mtu kitu na uchafu wake ilikuwa, kwake, ni kumwambia mtu huyo kuwa humhesabu. Tena wakati ule alikuwa na maradhi ya mikono. Ngozi ilipasuka ikatoa maji, na daktari alimkataza maji kabisa, kwa hiyo akawa anatayamamu kwa kila sala, kwa udongo badala ya kutawadha. Nduguye aliyekuwa na shamba upande wa Changamwe alimletea udongo mwekundu, naye akaupepeta mpaka ukawa laini kama unga wa ngano, akauweka katika sinia chini ya kitanda chake.

Jumamosi mume wangu alirudi kutoka Buxton akiwa anatabasamu tangu mlangoni. Mwalimu ameupima, haukugeuka rangi, ndiyo kusema hauna risasi. Aliongeza kwamba kipimo chake ni cha darasani tu, na tukitaka kuwa na hakika zaidi tuupeleke kwa wakubwa Nairobi, lakini yeye hakuona kitu. Mavyaa alisujudu palepale kwenye jamvi. Siku ile ile alipanda.

Nami nilishukuru kwa ulimi, lakini moyo haukukaa. Sikujua kwa nini. Nilimwandama mtoto kila alipokwenda, nikamnawisha mikono alipotoka uani, nikamnawisha tena kabla ya chakula, nikamkata kucha mpaka akalia. Jirani mmoja aliniambia nimwachie hata rangi aliyopewa na Mungu, nisije nikaiosha nayo. Nilicheka. Lakini nilikuwa nikisomesha wasichana, na katikati ya aya sikio langu likawa limekwenda uani. Nilisali na sikujua nimesoma sura gani. Nilijilaumu kwamba huo ni wasiwasi, na wasiwasi watoka kwa shetani, na aliyepewa habari njema akazikataa ni kama aliyekataa neema. Mchicha ukaota, mwekundu kwenye shina na kijani juu, ukapendeza.

Kisha siku moja tukiwa tunakula, mume wangu alisema kwamba amekutana na mwalimu kwenye maulidi, na mwalimu bado anausifu udongo wetu. Asema hajapata kuona udongo mzuri hivyo katika Mji wa Kale: mwekundu, laini, kana kwamba umepepetwa.

Nililirudisha tonge sahanini. Mume wangu hakuona kitu. Mwanamume anayetoka alfajiri na kurudi magharibi hajui rangi ya ua wake. Mimi naijua. Na nilijua ni wapi katika nyumba ile palipokuwa na udongo mwekundu uliopepetwa. Nilimtazama mavyaa. Alikuwa akimmegea mtoto mkate, na hakuinua uso.

Zilikuja siku ngumu. Mke wa mwana hamwambii mavyaa wake kwamba ametenda hili au lile. Ningemwambia mume wangu, ningemweka kati ya mke na mama, na huenda asingeamini. Ningenyamaza, mchicha ulikuwa unakua. Kila asubuhi nilitoka kuutazama urefu wake. Nilisali istikhara, nikimwomba Mola anionyeshe njia, nikaamka na wasiwasi ule ule. Nilizua sababu za kumpeleka mtoto kwa mamangu, leo ana kikohozi, kesho mamangu anamtaka, hata sababu zikaniishia.

Ikafika alasiri niliyokuwa nikiiogopa. Nilitoka ukumbini nikamkuta mavyaa amekaa kwenye kibao mlangoni mwa jiko, mikono imefungwa vitambaa, na ungo wa mchicha mapajani. Aliniambia kwa furaha kwamba leo mjukuu wake atakula cha kwake. Nikavuta kibao kingine nikakaa, nikaanza kuchambua pamoja naye, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu.

"Mama," nikasema, "mwalimu ameusifu sana udongo wetu."

"Kwani una ila gani hata asiusifu?"

"Asema ni mwekundu."

Vidole vyake vilisimama kidogo, kisha vikaendelea. "Wasomi hao," akasema. "Wakisoma sana macho huwa mekundu, basi kila kitu wakakiona chekundu."

Nilicheka, naye akacheka, na kwa kicheko kile nilikaribia kuacha. Lakini ungo ulikuwa pale.

"Na ule wa sinia lako, Mama, ulipungua ghafla Ijumaa ile."

Alichambua shina zima mpaka likabaki tupu. Alipotoa sauti ilikuwa ya chini, wala haikuwa ya hasira.

"Ulitaka nimpelekee mtoto wa watu mavi ya kuku? Afungue mezani mbele ya mkewe, aseme, kumbe hivi ndivyo nyumba ya fundi ilivyo? Nilimpelekea kilicho bora nilichokuwa nacho. Ule nauswalia mimi."

Nikasema najua. Nikaendelea kuchambua.

"Marehemu hakupata kumdhuru hata paka," akasema. "Leo yumo kaburini, hana ulimi wa kujitetea. Maji yageuke rangi huko Buxton, na kabla ya magharibi mji mzima uwe unasema kamlisha mjukuuwe sumu. Nitapita njia gani mimi? Na ua huu alikuwa akiswali juu yake kila siku. Leo umekuwa najisi?"

Hapo nilipata la kusema, maana hilo ni jambo nililolisoma. "Hakuna aliyesema ni najisi, Mama. Mambo ya tahara nayajua, na hili si la tahara. Udongo waweza kuwa tahara, mtu akaswali juu yake, na bado ukamdhuru mtoto akiula. Marehemu hakukusudia, na Mola wake ajua kuliko sisi. Lakini hatuwezi kumlisha mtoto mboga hizi ili tumlindie babu yake jina."

Sijui kama alinisikia mpaka mwisho, kwa sababu mtoto alitokea mbio kutoka ndani. Alikuwa akipenda kutafuna majani mabichi. Alinyoosha mkono kwenye ungo akisema, "Bibi, nipe moja." Mavyaa aliuinua ungo juu ya kichwa chake kwa mikono ile mibovu, akaushika huko huko juu, mtoto akirukaruka na kucheka akidhani ni mchezo. Majani yakamwangukia mabegani. Hakuushusha mpaka nilipomchukua mtoto ndani.

Jumamosi iliyofuata mavyaa alichimba mwenyewe. Nilitaka kumsaidia akanikataza. Akaniambia nimwonyeshe tu pale nilipochimba mara ya kwanza. Alivaa buibui lake, akatwaa kikapu, tukatoka watu watatu, yeye na mimi na mume wangu, ambaye sasa alikuwa ameambiwa na mamake mwenyewe. Kikapu kilikuwa wazi. Nilimwona Mwembe Tayari, katikati ya wapiga debe na mabasi ya bara, akitia mkono kifuani kutafuta kitambaa cha kukifunikia, kisha akautoa mkono mtupu.

Mwalimu alitupokea kwa heshima, mkewe akataka kuleta kahawa. Mavyaa hakukaa. Alisema akiwa amesimama mlangoni kwamba udongo wa kwanza haukuwa wa ua wao, ulikuwa wake wa kutayamamu, na kwamba aliubadilisha yeye na si mwanawe wala mkwewe. Mwalimu alitazama chini. Akasema kwamba hata hivyo haukupotea, kwa sababu bado anao kidogo na atautumia kulinganisha.

Akatupeleka chuoni kwake; darasa lake lilikuwa tupu siku ile, akatuingiza. Palinuka kama siki na kiberiti. Aliloweka kila udongo katika tindikali, akapasha moto, akachuja kwa karatasi, hata akapata maji yasiyo na tope katika vichupa vyembamba. Alituambia kwamba atatia matone ya dawa moja, na kama risasi ni nyingi, maji yatakuwa ya manjano. Alianza na ule wa Changamwe. Maji yalibaki kama yalivyo. Kisha akatia kwenye wetu, ule wa palipokuwa moto.

Rangi haikungoja. Ilitokea juu ikashuka, manjano kama zafarani, ikazidi kukolea na kutuama chini ya kichupa. Wa mahali anapochezea mtoto ukafanya hivyo hivyo, kwa manjano hafifu kidogo. Na wa penye mchicha.

Mume wangu aligeukia dirishani. Mavyaa alisogea karibu, akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Rangi nzuri," akasema. "Ingekuwa kitambaa ningekinunua." Kisha akamuuliza mwalimu: "Na hii, mwanangu, yaonyesha ni nani aliyeitia?"

"Haionyeshi, Mama. Yaonyesha imo tu."

Akatikisa kichwa kukubali, akashukuru, akaomba ruhusa tuondoke.

Nyumbani aling'oa kila kitu, mchicha na mabamia yaliyokwisha kutoa maua. Hakuwapa kuku, kwa kuwa mwalimu alikuwa ametuonya. Aliwachinja kuku wote na kuwafukia. Mtoto alirudi Makadara. Mafundi walikuja wakakwangua ua kiasi cha dhiraa moja kwenda chini, wakapeleka udongo ule mbali na watu, wakajaza kokoto na kutia simiti. Majirani waliuliza, kama wanavyouliza majirani. Nilikuwa nimejitayarishia majibu mazuri ya kumsitiri. Hakuyahitaji. Alikaa barazani, na kila aliyeuliza alimwambia hivi hivi: mume wangu alikuwa akiyeyusha risasi, haikujulikana kuwa ni sumu, imo ardhini, imemdhuru mjukuu wangu, na nyinyi ambao waume zenu wanayeyusha, watazameni watoto wenu. Wako waliosema maneno, kama alivyoogopa. Wako pia waliokwenda nyumbani wakahamisha jiko la risasi. Najua nyumba mbili.

Baada ya hapo hakupanda tena kitu. Alinunua mchicha sokoni, alioushika kila mkono, akauosha kwa maji ya mtungi kwa mikono iliyokuwa imeanza kupona.

Binti yangu alikua. Ni mama wa watoto sasa, mcheshi, mwenye subira kunishinda. Alichelewa kusoma. Wasichana niliowasomesha pamoja naye walikuwa wamekwisha kuhifadhi juzuu nzima naye angali anarudia sura fupi, akishika hii na kuiacha ile, nami nikiwa mwalimu wake na mamake, nikimtazama uso. Kila aliposimama katikati ya aya nilijiuliza kama ndivyo Mola alivyomkadiria, au ni ile manjano. Mavyaa naye alikuwa akisikiliza kutoka chumbani kwake. Nilikuwa nikiusikia uradi wa tasbihi yake ukikatika mtoto aliposita, na kuendelea mtoto alipopata neno. Alikufa bila ya sisi wawili kulizungumza. Sikulijua jibu wakati ule wala silijui leo, na nimeomba nipewe kutulia bila ya kujua. Siku nyingine hupewa. Siku nyingine huamka nikaenda kutazama wajukuu wamelala, nikawafungua viganja.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe riziki isiyo na madhara ndani yake, akulindie watoto wako na wanaocheza nao, akurahisishie kusema la kweli kwa umpendaye kabla halijachelewa, na awarehemu wazee wako kwa walilolijua na kwa wasilolijua. Amin.